Kadi ya Bima na Mama Mjamzito



Katika kikao cha Umoja wa Mama cha mtaa wetu lilizuka swali ambalo halikumalizwa, nalo limetufikia sisi tuandikao masomo haya. Sanduku la msaada lina fedha kidogo. Wengine wataka fedha hizo zikae tayari kwa nauli na mahitaji ya wajawazito wasio na uwezo, siku ya uchungu itakapofika. Wengine wasema zilipe bima ya afya ya kaya maskini mapema, kabla ya uchungu. Pande zote mbili zilisema kwa nguvu. Ndipo mama mmoja akaeleza kwamba yeye alilipiwa kadi, alifika kujifungua akiwa nayo mkononi, na bado glavu, pamba na dawa alitumwa kununua dukani. Kikao kikanyamaza, na mwenyekiti akaahirisha.

Tumeona yafaa kulitazama jambo hili polepole kama somo. Sisi tuliozoea chuo cha ualimu twaamini ya kwamba watu wazima hawashindwi kuelewa bima. Hushindwa kwa sababu hawakuelezwa, bali waliambiwa tu wachangie.

Bima si upatu

Wengi wetu huichukua bima kama upatu. Katika upatu kila mmoja hutoa, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake, na jumla yake hurudi nyumbani kamili. Mtu mwenye mawazo hayo akilipia kadi mwaka mzima asiugue, husema ameibiwa. Mwaka wa pili halipi tena.

Bima hufanana zaidi na chama cha kuzikana. Pale kila nyumba hutoa, wala hakuna aombaye zamu yake ifike. Aliyetoa miaka 10 bila kupata msiba hasemi amekula hasara; husema Mungu amemhifadhi. Tena chama cha kuzikana kina kanuni moja ambayo hata mtoto huielewa: huwezi kuja kujiandikisha wakati mgonjwa wako amekwisha kukata roho. Shika kanuni hiyo, maana tutairudia.

Sasa hebu tufanye hesabu ya ubaoni. Tarakimu hizi ni za mfano tu, isipokuwa ya mchango. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani ile CHF iliyoenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2018, ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, nje ya Dar es Salaam. Chukua kijiji cha kaya 200. Wote wakilipa, mfuko una shilingi 6,000,000. Tuseme mwaka ule wanajifungua akina mama 40, na 4 kati yao wahitaji upasuaji. Tuseme kila upasuaji, pamoja na siku za wodini, wagharimu 250,000. Jumla ni 1,000,000. Gawanya kwa kaya 200: kila nyumba imebeba 5,000. Mume wa mama aliyepasuliwa hakuuza mbuzi wala hakuweka shamba rehani.

Lakini tuseme kaya 160 zimesema, "Sisi hatuna mjamzito mwaka huu," zikabaki nje. Zinajiandikisha zile 40 tu. Mfuko sasa una 1,200,000. Upasuaji ule ule 4 watoa 1,000,000. Zabaki 200,000, nazo ndizo zitakazotibu malaria, vichomi na vidonda vya kaya zote 40 kwa mwaka mzima, yaani 5,000 kwa kaya. Mfuko utakufa kabla ya mvua za vuli. Hakuna aliyeiba. Umekufa kwa sababu waliojiandikisha ni wale tu waliojua kwamba watauhitaji.

Hili halitukii ubaoni peke yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na kadi ya watoto iitwayo Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waandikishwe kupitia shule au pamoja na familia zao. Sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo: wazazi wengi walimwandikisha mtoto aliyekwisha kuugua, na wazima wakabaki nje. Wazazi walilalamika sana, nasi hatuwalaumu, maana mwenye mtoto mgonjwa hana nafasi ya kufikiri habari za hesabu ya mfuko. Hata hivyo hesabu haina huruma. Ndiyo maana nchi nyingi zilizofaulu katika jambo hili zimekwenda kwenye bima ya watu wote, na ndiyo maana Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023.

Mbona huduma ya mama ni bure?

Msomaji mwangalifu atauliza hapa: huduma ya mama mjamzito na ya mtoto aliye chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali; bima ni ya nini basi? Ni swali zuri. Tangu serikali ilipoanza kutoza ada za matibabu mwaka 1993, sera imewasamehe makundi hayo ada. Msamaha huo umeokoa wengi, wala tusiudharau.

Lakini kusamehewa ada ni jambo moja, na glavu kuwapo kabatini ni jingine. Zahanati ikimhudumia mama bila ada, yule mama hakuleta fedha yoyote, na zahanati hungojea mgawo wa dawa na vifaa. Mgawo ukichelewa, mkunga hana la kufanya ila kumwandikia ndugu wa mama karatasi ndogo ya vitu vya kununua. Twazijua karatasi hizo sote: glavu, pamba, uzi, wembe, mpira wa kulalia. Mwenye bima akihudumiwa, kituo huandika dai na hulipwa, na kwa malipo hayo kamati ya kituo yaweza kununua glavu. Ahadi ya bure haina mfuko wa shati. Ahadi ya bima inao, mradi mfuko huo ujazwe na usitoboke.

Basi yule mama wa kikaoni alipatwa na nini? Alikuwa na kadi halali, na kituo kile (hatukitaji) hakikuwa na vifaa. Huenda madai yake hayakulipwa kwa wakati, huenda yalilipwa na fedha zikaenda kwingine, huenda karani hakuyaandika. Kwake yeye ni mamoja. Kadi ni karatasi inayosema kwamba yuko atakayelipa. Ikiwa alipwaye hana bidhaa, au mlipaji hukaa miezi bila kulipa, ile karatasi haizuii damu. Twasema haya wazi kwa sababu wako waandikishaji wanaopita vijijini wakihubiri kadi kana kwamba ni dawa yenyewe.

Kuchelewa kwa namna tatu

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika jambo ambalo tangu hapo limefundishwa katika vyuo vingi vya wakunga. Walisema mama mwenye shida ya uzazi hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza, nyumbani huchelewa kuamua kwenda. Pili, wakiisha kuamua, huchelewa njiani. Tatu, akiisha kufika, huchelewa kuhudumiwa. Twaliona somo hili ni kipimo kizuri cha kupimia bima yoyote: je, yagusa kuchelewa kupi?

Kadi ikiwa nyumbani, kuchelewa kwa kwanza hupungua. Zile saa ambazo mume angezunguka kukopa, mama mkwe akisema tungoje kidogo pengine mtoto atatoka mwenyewe, hupotea sababu yake. Hapa kadi ina kazi kubwa. Tena ni vema kusema ya kwamba si fedha tu ichelewayo. Mara nyingi ni ruhusa. Binti hawezi kuondoka mpaka mwenye nyumba aseme, na mwenye nyumba yuko shamba au safarini. Kadi yenye jina la mama mwenyewe, iliyo mkononi mwake, humpa neno ambalo hakuwa nalo.

Kuchelewa kwa pili, mipango mingi ya bima huliacha. Hulipia kitanda, hailipii barabara. Kwetu Tanzania jambo hili limepata msaada wa pekee katika mpango wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, kisha ukazinduliwa kuenea nchi nzima Aprili 2022. Mtu hupiga simu 115 bila malipo, mhudumu huuliza dalili, na kama gari la wagonjwa halipo karibu huitwa dereva wa gari la kawaida aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa na mpango. Yapasa kila nyumba yenye mjamzito iandike namba hiyo mlangoni kwa chaki.

Kuchelewa kwa tatu ndiko kunakoumiza zaidi, kwa sababu mama amekwisha kufika mahali palipotakiwa kumwokoa. Mama aliyejifungua salama aweza kumalizika kwa kutoka damu ndani ya saa chache. Sindano ya oksitosini haina bei kubwa, lakini yahitaji kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo yahitaji jokofu, na jokofu lahitaji umeme au gesi. Mwenye kifafa cha mimba ahitaji magnesiamu salfeti, na mtu ajuaye kuichoma. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga waliwekewa chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho. Damu ikifika alama, walitoa matibabu yote kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo wajaribu jingine. Damu nyingi ya hatari na matokeo yake yakapungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki! Ikiwa bima yaweza kulipia upasuaji, yaweza pia kudai ya kwamba kila chumba cha kuzalishia kiwe na mfuko huo, na isimlipe asiyekuwa nao.

Kinga, iliyoandikwa ukutani

Maneno ya kusema kinga ni bora kuliko tiba yameandikwa katika kuta za zahanati nyingi kwa rangi ya mafuta. Lakini bima nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya tiba. Mtu mzima akienda na kadi akasema, "Siumwi, nataka nipimwe tu," karani humtazama kama mtu aliyekosa kazi. Hapa ndipo bima yaweza kuwafaa wanawake zaidi ya mahali pengine popote, na hapa ndipo ifanyapo kidogo.

Tuanze na kliniki ya wajawazito. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa 63. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini waliohudhuria kliniki mara 4 au zaidi walikuwa asilimia 65, na walioanza kliniki katika miezi 3 ya kwanza walikuwa asilimia 34 tu. Yaani kati ya akina mama 3, wawili walifika wakiwa wamechelewa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 ya kwamba mama aonane na mhudumu mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12.

Kwa nini mapema? Kwa sababu mambo ya kliniki ni kama mazao. Yana msimu wake. Upungufu wa damu ukigunduliwa mwezi wa 3, kuna muda wa kutosha wa vidonge vya kuongeza damu na mboga za majani. Ukigunduliwa mwezi wa 9, huenda imebaki kuongezewa damu tu. Kaswende ikipimwa mapema, sindano za penisilini humwokoa mtoto. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kikifanywa mapema, dawa hufanya kazi ya kumkinga mtoto tangu tumboni. Presha iliyopimwa mwanzoni ndiyo humwambia mkunga, miezi ya baadaye, kwamba hii ya leo imepanda. Mama asiye na kipimo cha kwanza hana cha kulinganishia. Chandarua, vidonge vya SP vya kuzuia malaria, chanjo ya pepopunda, vyote vina nafasi yake.

Basi kwa nini wachelewa? Tumewauliza wenyewe. Wengine huona haya mimba ijulikane kabla haijaonekana. Wengine wameambiwa waje na waume, na mume hayupo au hataki. Wengine walikwenda wakaambiwa vipimo havipo, warudi wiki ijayo, na zahanati iko saa 2 kwa miguu. Bima haiwezi kuondoa haya. Lakini yaweza kufanya jambo moja ambalo twaliona la akili: kuunganisha kadi na hudhurio la kwanza. Mkoani Tanga na Mbeya, kuanzia mwaka 2012, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliendesha mpango wa Tumaini la Mama kwa msaada wa benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Mama mjamzito asiye na uwezo aliandikishwa, akapata bima kwa ajili ya ujauzito na kujifungua, na familia yake ikapata CHF. Mama alikuwa na sababu ya kwenda, na kituo kilikuwa na sababu ya kumpokea vizuri, kwa kuwa alikuja na malipo. Udhaifu wa mipango ya namna hii ni kwamba fedha za kutoka nje zina tarehe yake ya mwisho, na mimba hazina.

Baada ya kujifungua watu hudhani kazi imekwisha. Mama hurudi nyumbani, hupikiwa uji, hupongezwa, na macho yote humgeukia mtoto. Ratiba yetu ya Tanzania yamtaka mama na mtoto waonekane kituoni ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Sehemu kubwa ya vifo vya uzazi hutokea baada ya kujifungua, si kabla. Bima yoyote inayosema "tunalipia kujifungua" yapasa iulizwe: mwisho wake ni lini? Mama akirudi siku ya 9 ana homa na maziwa yamevimba, je, huyo bado ni mzazi wenu au sasa ni mgonjwa wa kawaida alipe? Na mtoto je? Kaya ya watu 6 ikizaa wa 7, kadi yamjua?

Kisha kuna wanawake ambao hawana mimba, na bima huwasahau kabisa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanawake hapa Tanzania, na wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ikiwa imekwisha kusambaa. Inasikitisha kwa sababu ni saratani iendayo polepole, miaka mingi, ikingoja kuonekana. Mkunga aliyefundishwa hupaka siki katika mlango wa kizazi na kutazama kwa macho. Penye mabadiliko huwa peupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Siki, ndugu zetu, ile ile ya kachumbari. Kwa mabinti kuna chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ilitolewa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tulisikia uvumi kwamba chanjo hii yaharibu uzazi. Si kweli. Kinachoharibu uzazi, na kumaliza uhai, ni ile saratani.

Mfuko wa bima unaojua hesabu ungemtuma mtu kumwita kila mwanamke wa miaka 30 hadi 50 aje apimwe, bila malipo yoyote dirishani, kwa kuwa kumtibu baadaye kwa mionzi ni gharama isiyo na mfano. Lakini mifuko hungoja mtu aje mwenyewe. Daftari la wanachama wanalo, namba za simu wanazo. Mwanafunzi akikosa siku 3 mwalimu humtuma mwenzake nyumbani kwao akaulize kulikoni. Mfuko hauna mwanafunzi wa kumtuma, lakini una wahudumu wa afya wa vijijini.

Wenzetu wamefanyaje

Rwanda ndiyo hutajwa daima, nayo yastahili. Mwaka 2005 waliojifungua vituoni walikuwa asilimia 28. Kufikia utafiti wa 2014-15 walikuwa 91. Bima yao ya jamii, mutuelle, ilienezwa katika miaka hiyo. Kaya maskini kabisa walilipiwa, wengine walilipa kadiri ya uwezo. Lakini tusidanganyane kwamba ni kadi peke yake. Kuanzia mwaka 2006 vituo vililipwa zaidi kwa kazi iliyofanywa vizuri, vijiji vyote vilikuwa na wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji, na viongozi wa wilaya waliulizwa mbele ya watu habari ya hesabu hizo. Ghana mwaka 2008 iliwasamehe wajawazito mchango wa bima yao ya taifa.

Kwa jirani zetu wa Kenya, kujifungua bila malipo kulitangazwa Juni 2013, kisha kukawa na mpango wa Linda Mama chini ya mfuko wa bima wa wakati ule. Oktoba 2024 Kenya ilibadili mfumo mzima kuwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, na Linda Mama ikageuzwa kuwa Linda Jamii, ambamo mama huhesabiwa pamoja na kaya inayochangia. Wazo la kuchanga kwa kaya ni jema kwa sababu tulizoziona ubaoni. Lakini mama aliyekuwa akiandikishwa kwa ajili ya mimba yake tu sasa hutegemea ya kwamba mchango wa nyumba umelipwa, na mwenye fedha ya nyumba mara nyingi si yeye.

Kabla ya kuacha tarakimu, neno moja. Utafiti wetu wa 2022 ulitoa vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Umoja wa Mataifa, kwa njia yake ya kukadiria, ulisema 238 kwa mwaka 2020. Asishangae mtu, wala asimwite mwenziwe mwongo. Njia za kuhesabu ni tofauti, na vifo vya uzazi ni vigumu kuhesabu. Zote zaonyesha kushuka. Msomaji asiyependa tarakimu aende tu makaburini kwetu asome miaka ya kuzaliwa katika misalaba ya wanawake.

Namna ya kumlipa atendaye kazi

Jambo hili laonekana la maofisini, lakini lagusa tumbo la mama moja kwa moja. Mlipe mwalimu kwa kila mtihani autoao, na watoto watafanya mtihani kila siku. Mlipe daktari mara nyingi zaidi kwa upasuaji kuliko kwa uzazi wa kawaida, na visu vitaongezeka. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 ya kwamba katika jamii nzima, upasuaji wa uzazi ukizidi asilimia 10 ya vizazi, nyongeza hiyo haionekani kupunguza vifo zaidi. Upande wa pili, mlipe daktari fungu moja tu kwa mwaka, apime au asipime, na huenda wagonjwa wakaonekana kumsumbua. Njia ya wastani ni bei moja kwa safari nzima ya mama, tangu kliniki ya kwanza hadi siku ya 42, na nyongeza kwa yule aliyepata shida ya kweli. Kwa njia hiyo kituo hupata faida kwa kumtunza vizuri asifike kwenye kisu. Na malipo yaje upesi. Hospitali za madhehebu, baadhi zikiwa hospitali teule za wilaya, haziwezi kungoja. Zikikosa kulipwa miezi kadhaa hukopa dawa, na zikishindwa kukopa hurudi kwenye karatasi ndogo.

Sanduku la akina mama

Sasa tutoe maoni yetu juu ya sanduku. Kwa fikira zetu, sehemu kubwa iende kwenye bima, lakini kwa masharti. Ilipiwe kaya nzima, wala si mjamzito peke yake, na ilipiwe mapema, wakati mimba haipo, hasa kaya za mabinti walioolewa karibuni na za wajane wenye mabinti wakubwa. Ada ilipwe kwa mpango uliopo wakati huo. Kabla ya kutoa hata senti, wajumbe wawili waende ofisi ya wilaya waulize kwa maandishi: mchango ni kiasi gani, kadi huanza kufanya kazi baada ya siku ngapi, inafika hospitali ipi, inalipia upasuaji na kuongezewa damu au la, mtoto mchanga anaingia vipi. Wasikubali kujibiwa kwa mdomo.

Sehemu ndogo ibaki kwa nauli na chakula cha msindikizaji, vitu ambavyo hakuna kadi iviwezayo. Nasi hatukubaliani na wale waliotaka fedha zote zikae kwa ajili ya vifaa. Tukijizoeza kununua glavu kila mwezi tutakuwa tumeisamehe kamati ya kituo kazi yake. Kamati hizo zina nafasi za wananchi, na uchaguzi wake watu hawauhudhurii. Wawili wa Umoja wa Mama wakikaa mle, wakauliza kila robo mwaka ni madai mangapi yalitumwa, mangapi yamelipwa, na fedha zilinunua nini, yule mama wa kikaoni atapata jibu lake, na wenzake hawatatumwa dukani.

Maswali ya kuzungumza vikundini

1. Katika nyumba 10 zilizo karibu nawe, ni ngapi zina bima? Ni nani katika kila nyumba aliyeamua kulipa au kutolipa?

2. Waulizeni akina mama 5 waliojifungua mwaka huu: walianza kliniki mwezi wa ngapi, na ni nini kiliwachelewesha? Wanaume wasijibu kwa niaba yao.

3. Ni mwanamke gani katika kikundi chenu amepimwa saratani ya mlango wa kizazi? Kama hakuna, nendeni wote siku moja, na mwandikie gazeti hili mlivyopokewa.

4. Kituo chenu kina jokofu linalofanya kazi? Mmoja aende kutazama kabla ya kikao kijacho.